Kafyu Ilisafisha Hewa, Plastiki Ikabaki Dandora

Katika miezi ya mwanzo ya korona, picha moja ilizua ubishi mkali mitandaoni Kenya. Mbele yalisimama majengo marefu ya katikati ya Nairobi, na nyuma yake vilele vya Mlima Kenya vimechomoza wazi, mawe na theluji, kana kwamba mlima umehamia Thika usiku. Wengi walishikilia kwamba imechezewa kwa kompyuta. Ilikuwa picha halisi. Mlima uko zaidi ya kilomita 130 kutoka jijini, na asubuhi isiyo na mawingu mtu aliye mahali palipoinuka huuona hata pasipo janga lolote. Lenzi ndefu ndiyo iliyousogeza karibu na maghorofa. Lakini ubishi wenyewe ulisema mengi. Wakazi wa jiji la mamilioni hawakuamini kwamba mlima ulioipa nchi yao jina unaweza kuonekana kutoka kwao.

India nako, Aprili 2020, watu wa Jalandhar katika jimbo la Punjab walipanda juu ya paa kutazama safu ya milima ya Dhauladhar, karibu kilomita 200 kutoka kwao, ambayo wengine hawakuwa wameiona kwa miongo. Hapo ndipo msemo ukazagaa kila mahali kwamba dunia inapumua na mazingira yanajiponya. Msemo huo ulikuwa na kweli yake kwa uchafu wa aina moja. Kwa aina nyingine mambo yalikwenda kinyume, na walioubeba uchafu huo wa pili hawakuwa na nafasi ya kupanda juu ya paa kutazama mandhari.

Tuanze na kilichosafishika. Gesi ya naitrojeni dioksaidi, inayotoka kwenye injini za magari, mitambo ya umeme na viwanda, haidumu angani zaidi ya saa chache kabla ya kugeuka kitu kingine. Zima injini leo, na kesho asubuhi kiwango chake kimeshashuka. Ndiyo maana setilaiti za Ulaya na Marekani ziliona tofauti upesi sana: mapema 2020, baada ya Wuhan kufungwa tarehe 23 Januari, gesi hiyo juu ya mashariki na katikati ya China ilikuwa chini kwa asilimia 10 hadi 30 kuliko kawaida ya msimu. Delhi ilipofungwa mwishoni mwa Machi, chembechembe laini zinazoingia hadi ndani ya mapafu zilipungua kwa takriban nusu. Ilipofika Novemba mwaka huohuo, wakulima wa majimbo jirani wakichoma mabua na magari yakiwa yamerudi barabarani, moshi wa Delhi ulikuwa palepale ulipokuwa siku zote.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Ndege za abiria za kimataifa zikasimama tarehe 25, kafyu ikaanza tarehe 27, na Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zikapigwa marufuku hadi Julai. Matatu ya abiria 14 ikaruhusiwa kubeba wanane tu. Jogoo Road jioni, iliyokuwa honi na moshi mtupu, ikawa barabara ya watu kukimbilia nyumbani kabla ya saa moja. Hewa ilibadilika, na aliyekuwa Nairobi wakati ule hahitaji mtaalamu wa kumwambia.

Ila kuna jambo ambalo wapenzi wa ile picha ya mlima walilipita haraka. Masika ya 2020 yalikuwa ya mvua kubwa kupita kiasi. Mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, na Ziwa Victoria likapanda hadi kiwango ambacho hakikuwahi kurekodiwa, likafukuza watu kwenye fukwe za Kisumu, Busia na ng'ambo ya Uganda. Mvua huosha hewa, na vumbi halipeperuki kwenye udongo uliolowa. Sasa ni kiasi gani cha ule weupe wa anga kilitokana na matatu kukosa abiria, na kiasi gani kilitokana na mawingu kumwagika? Ili kujibu unahitaji miaka ya vipimo vya kabla, vilivyochukuliwa mahali palepale kila siku, na serikali zetu hazikuwa zimejishughulisha navyo. Afadhali Kampala, ambako mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere ulikuwa umeshafunga vipima hewa vya bei nafuu juu ya majengo na hata kwenye boda boda. Chuo kilifanya kazi ya mamlaka ya jiji.

Hata palipo na vipimo kila kona, hewa ilileta mambo ya kushangaza. Beijing, Februari 2020, viwanda vimelala na barabara ni tupu, lakini jiji likafunikwa na ukungu mzito wa moshi kwa siku kadhaa. Upepo ulikuwa umetulia, unyevu ulikuwa mwingi, na kemia ya angani iliendelea kutengeneza chembechembe kutokana na gesi zilizosalia. Katika miji mingine gesi ya ozoni, inayokereketa koo na mapafu, iliongezeka, kwa sababu moshi wa magari ndio uliokuwa ukiimeza. Nayataja haya kwa sababu siku hizi kila mradi wa magari ya umeme unauzwa kwa ahadi ya anga la Aprili 2020. Magari ni sehemu ya tatizo, sehemu kubwa, lakini anga lina hesabu zake.

Na hewa ukaa, inayopasha dunia joto, haikujali hata kidogo. Mwanzoni mwa Aprili 2020 utoaji wake wa kila siku ulikuwa chini kwa asilimia 17 kuliko wastani wa 2019, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka ulipokwisha upungufu ulikuwa takriban asilimia 5. Mwaka uliofuata karibu wote ukarudi. Wakati dunia nzima imejifungia, kituo cha Mauna Loa huko Hawaii kilipima Mei 2020 kiwango cha juu kuliko cha Mei yoyote iliyotangulia. Gesi hii hukaa angani kwa karne. Kupunguza unachomwaga kwa wiki chache hakupunguzi kilichokwisha kurundikana.

Hapo ndipo ninapotaka tukazie macho. Uchafu unaopita ulipungua kwa sababu chanzo chake kilizimwa. Uchafu unaorundikana, kama hewa ukaa na plastiki, uliendelea kurundikana, na plastiki yenyewe ikapata kisingizio kipya cha kiafya.

Kabla ya plastiki, tuingie jikoni, maana huko moshi ulikuwa na safari yake. Watafiti waliokuwa wameshawahoji wakazi wa mtaa mmoja wa mabanda Nairobi miezi michache kabla ya korona walirudi kuwauliza tena Aprili 2020. Asilimia 95 ya kaya zilisema kipato kimeshuka. Asilimia 88 hazikuwa na uhakika wa chakula. Na karibu robo ya waliokuwa wakipikia gesi walikuwa wameiacha, wakarudi kwenye mafuta ya taa na kuni. Sababu inaeleweka na kila mama wa nyumba ya kupanga: mafuta ya taa unanunua ya shilingi 30, mtungi wa gesi haukubali pesa ndogo ndogo. Kwa hiyo mwezi uleule ambao wapiga picha walikuwa wakishangilia anga la bluu, chumba kimoja chenye watoto watano, shule zimefungwa na hakuna pa kwenda, kilijaa moshi kuliko kilivyojaa mwezi wa Januari. Nje kulikuwa safi. Hakuna setilaiti inayopiga picha ndani ya nyumba ya mabati.

Barakoa nayo. Aprili 2020 Kenya iliweka sheria kwamba anayekutwa hadharani bila barakoa atatozwa faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Watu wakavaa, wakatupa, na zile za bluu zikaanza kuonekana kwenye mitaro, vituo vya mabasi na nyavu za ua. Kwa kuwa zilionekana, zikawa ndiyo sura ya uchafu wa korona. Kila shirika la mazingira lilikuwa na bango la samaki aliyenasa kwenye kamba za barakoa.

Tunayo bahati kwamba wanasayansi wa utafiti wa bahari wa Kenya walitoka kuhesabu. Siku 100 baada ya mgonjwa wa kwanza walikagua mitaa kadhaa na fukwe 21 za Pwani, na kukagua taka zinazoelea kwenye mistari 157 ya baharini. Mitaani, vitu vya korona vilifika hadi asilimia 16.5 ya taka zote. Kwenye fukwe nyingi za starehe hawakukuta hata kimoja, kwa sababu zilikuwa zimefungwa kwa amri ya rais. Kati ya taka zinazoelea hawakupata chochote cha korona. Barakoa ilikuwa bado iko mtaani, kwenye mtaro, ikingoja mvua. Naupenda utafiti huo kwa sababu unaonyesha safari: taka za bahari ni taka za mtaa ambazo bado hazijafika. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, na Sabaki humwaga karibu na Malindi kila kitu ilichopewa njiani.

Lakini uzito wa taka za korona haukuwa kwenye barakoa za mtaani. Watafiti wa China na Marekani walikadiria kwamba hadi Agosti 2021 janga lilikuwa limezalisha tani milioni 8.4 za taka za plastiki duniani, na takriban tani 26,000 kati yake ziliingia baharini. Asilimia 87 zilitoka hospitalini. Barakoa za watu binafsi zilikuwa kama asilimia 8. Wuhan, ambayo kabla ya janga ilizalisha tani 40 hivi za taka za hospitali kwa siku, ilifika tani 240 lilipokuwa limepamba moto. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba vituo vya afya 3 kati ya 10 duniani havikuwa na uwezo wa kushughulikia taka zao hata zile za kawaida. Katika nchi maskini zaidi ni 6 kati ya 10. Shirika hilohilo likakadiria kwamba dozi bilioni 8 za kwanza za chanjo ziliacha tani 144,000 za sindano, mabomba yake na masanduku.

Zahanati isiyo na tanuri la maana la kuchomea taka hufanya nini na mzigo huo? Huuchoma shimoni nyuma ya jengo. Plastiki inakuwa moshi, na moshi ule, tofauti na wa matatu, unabeba sumu za dioksini zinazokaa mwilini kwa miaka. Sisemi wauguzi walikosea. Walipewa glavu, hawakupewa mahali pa kuzitupa. Msaada wa vifaa uliletwa kwa ndege na kamera za televisheni, ila bajeti ya tanuri haikupanda ndege hiyo.

Kuna takwimu nyingine ambayo huwashangaza watu: matumizi ya plastiki duniani mwaka 2020 hayakuongezeka. Yalipungua kwa asilimia 2.2, kwa hesabu za OECD, shirika la kiuchumi la nchi tajiri. Viwanda vya magari vilisimama, ujenzi ukalala, na plastiki ya dashibodi na mabomba ya maji haikuhitajika. Iliyoongezeka ni ile inayotumika dakika kumi na kutupwa: vifungashio vya vyakula vya kupelekwa nyumbani, chupa ndogo za sanitaiza, glavu. Ile ya kudumu ikapungua, ya kutupwa ikaongezeka, na jumla ikaonekana njema kwenye karatasi.

Mabadiliko hayo hayakuja yenyewe. Machi 2020 chama cha wenye viwanda vya plastiki Marekani kiliiandikia wizara ya afya ya nchi hiyo kikitaka itamke kwamba marufuku za mifuko ya plastiki ni hatari kwa afya. Siku hizohizo jarida la kitabibu lilikuwa limechapisha vipimo vya maabara: kirusi kiligundulika kwenye plastiki hadi saa 72, kwenye kadibodi hadi saa 24. Kwa hiyo kati ya vitu vilivyopimwa, plastiki ilikuwa miongoni mwa vilivyokihifadhi muda mrefu zaidi. Hilo halikuwazuia California kusimamisha marufuku yake ya mifuko kwa siku 60, wala Uingereza kuahirisha marufuku ya mirija kutoka Aprili hadi Oktoba.

Afrika Mashariki tulikuwa na kila sababu ya kuyumba. Hatukuyumba sana, na tunastahili kulisema bila kujificha. Rwanda ilishapiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017, Tanzania bara tangu Juni 2019, na hakuna hata moja iliyotumia korona kuilegeza. Kenya iliongeza: tarehe 5 Juni 2020, katikati ya kafyu, marufuku ya plastiki za kutumika mara moja ikaanza katika mbuga na hifadhi zake. Mafundi cherehani wakashona barakoa za vitambaa, za kufua na kuvaa tena. Na ndoo kuukuu na vibuyu chirizi vikawa vifaa vya afya mlangoni mwa kila duka, jambo ambalo hakuna mfadhili aliyelipanga.

Tishio lilikuja kutoka upande wa bei. Tarehe 20 Aprili 2020 pipa la mafuta ghafi ya Marekani liliuzwa dola 37 chini ya sifuri. Muuzaji alimlipa mnunuzi amwondolee mzigo. Plastiki mpya hutengenezwa kwa mafuta na gesi. Mafuta yakiporomoka, plastiki mpya inakuwa rahisi kuliko ya kurejelezwa, na kiwanda kinachonunua chupa kuukuu hakina sababu tena ya kununua. Siku nane tu baada ya bei hiyo ya ajabu, chama cha kampuni za kemikali za Marekani kiliiandikia serikali yao kuhusu mazungumzo ya biashara na Kenya, kikiona Kenya inaweza kuwa kituo cha kusambazia kemikali na plastiki zao barani Afrika. Barua ilipofichuliwa na The New York Times mwezi wa Agosti, Wakenya walighadhibika, na mkataba wenyewe haukufikiwa. Ila mantiki yake haikuwa siri: mafuta yasiyochomwa kwenye magari lazima yapate pengine pa kwenda.

Sasa twende Dandora, jaa lililofunguliwa katikati ya miaka ya sabini na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na ambalo bado linapokea taka za Nairobi. Kwa anayeokota chupa kule, mshahara ni bei ya kilo, na bei ya kilo hupangwa na dalali anayesikiliza kiwanda, kinachosikiliza bei ya mafuta. Mwaka 2020 mapigo yalimjia kwa pamoja. Hoteli, shule na baa zilifungwa, chupa bora zikapungua. Mpaka wa jiji ulifungwa, wanunuzi wakapungua. Bei ya plastiki mpya ikaporomoka, ya kuukuu ikafuata. Na kwa kuwa Nairobi haitenganishi taka, barakoa na tishu za wagonjwa waliojiuguza nyumbani zilifika kwenye lundo lilelile na maganda ya ndizi, zikachakurwa kwa mikono mitupu. Kwenye hotuba za jioni za wizara ya afya tulisikia habari za madaktari, polisi, madereva wa malori. Muokota taka hakuwa kwenye orodha ya watoa huduma muhimu, ingawa bila yeye sehemu kubwa ya chupa za jiji hili zingekuwa mtoni.

Miji mingine ilitumia mwanya ule wa barabara tupu. Bogotá ilichora makumi ya kilomita za njia za muda za baiskeli ndani ya siku chache; Paris ikafanya hivyo, na nyingi zikabaki. Nairobi, ambako takriban asilimia 40 ya safari hufanywa kwa miguu, ilianza mwaka huohuo kujenga barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ya kulipia, ya magari. Mti mmoja wa mugumo wa Waiyaki Way, uliokuwa ukatwe kupisha barabara hiyo, ulinusurika kwa amri ya rais baada ya watu kupiga kelele. Miti mingine haikupata amri. Aliyetaka kujua viongozi walijifunza nini kutokana na hewa ya Aprili 2020 anaweza kuhesabu nguzo za barabara hiyo.

Machi 2022 wajumbe wa nchi 175 walikubaliana Gigiri, Nairobi, kwamba dunia iandike mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, na azimio lile likataja mchango wa wakusanyaji taka wasio rasmi. Mazungumzo yamekwama tangu hapo, Busan mwaka 2024 na Geneva Agosti 2025, na kinachoyakwamisha ni swali la iwapo utengenezaji wenyewe uwekewe kikomo. Nchi zenye mafuta zinataka tuzungumze kuhusu urejelezaji tu. Mwaka 2020 ulishatuonyesha urejelezaji unavyofanya kazi pale mafuta yanapokuwa bure: haufanyi. Kenya sasa ina kanuni za 2024 zinazomtaka mtengenezaji agharamie taka za bidhaa zake. Ninachotaka kuona ndani yake ni bei ya chini kabisa ya kilo ya chupa, inayolipwa kwa pesa hizo za watengenezaji bila kujali soko la mafuta limeamkaje, na inayomfikia aliyeinama kuiokota kabla ya dalali.